Kunde za Mbegu

Rachael alisoma ujumbe mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watu walipiga makofi kabla hajamaliza.

Walikuwa watu kumi na wanne katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, pale mtaa wa Kongo, Kawangware. Wote walitoka kijiji kimoja cha Kitui kiitwacho Kwa Mbuvi, na wote walikuwa wapangaji hapa Nairobi: mafundi, wauza mboga, wafua nguo, walinzi. Kikundi chao walikiita Ngwatanio, yaani kushikana, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuona kwamba waliobaki nyumbani hawafi njaa wala hawageuki ombaomba. Ndiyo maana ujumbe wa nyumbani ulisomwa baada ya maombi, msomaji akiwa amesimama.

"Naanza tena," akasema Rachael, aliyekuwa katibu. "Mtulie basi! 'Ndugu zetu wa Nairobi, magunia matatu ya kunde yalifika salama jana jioni. Matuta tumechimba siku tano, watu arobaini na wawili. Lakini mahindi ya kupikia mwethya tuliyoahidiwa hayajafika, na watu wanashika jembe na uji mtupu. Wawili walianguka jana. Kamati imekaa ikaamua gunia moja lipikwe leo, watu wale saa sita, na mawili yapandwe mvua ikikaribia. Mpishi ni mama yake Syombua. Watoto watapakuliwa kwanza, kama desturi. Mungu awazidishie. Ni mimi Kaveke.'"

"Amina!" wakaitikia, na makofi yakaanza upya.

Mwethya ni watu wa kijiji wanaokusanyika na majembe, leo shamba la huyu, kesho la yule, bila mtu kumlipa mwenzake chochote ila chakula cha mchana. Lakini hicho chakula hakikosekani. Mwethya usio na sufuria ni aibu kwa kijiji kizima, na Kaveke, aliyewaongoza, alikuwa ameivumilia aibu hiyo siku tano.

"Mnaona faida ya jivu?" akasema Kavoi, mwenyekiti wa Ngwatanio, mzee mnene aliyefanya kazi ya ulinzi miaka ishirini na sita. "Tungeweka zile dawa za maduka, leo wangekula nini? Mawe? Mama Mwende, hebu simama tukuone. Stoo yako imelisha kijiji!"

Syombua akasimama kwa sababu aliambiwa asimame. Wakampigia makofi yeye peke yake. Akatabasamu, na ulimi wake ukawa umegandamana na kaakaa kama amelamba chokaa.

Kunde zile hazikuwa na jivu tu.

Kwa Mbuvi, mbegu huhifadhiwa kwa jivu la kuni tangu enzi za mababu. Jivu humzuia fukusi asitoboe punje, na njaa ikibisha hodi, mtu huziosha zile mbegu akazipika. Kwa hiyo gunia la mbegu ni tumaini la shamba na pia ni akiba ya mwisho ya sufuria. Wana-Ngwatanio walilijua hilo, wakaweka sheria kwa kura: dawa ya dukani isiguse mbegu zetu. Kisha wakamchagua Syombua awe mtunza stoo. Jioni ile alipiga magoti akamshukuru Mungu mpaka akalia, maana tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumchagua kwa jambo lolote.

Wanachama walileta kunde kopo kwa kopo tangu Juni. Akawa anazichambua jioni chumbani mwake, baada ya kufua nguo za watu kutwa nzima, akiondoa mawe na punje zilizosinyaa. Mwezi wa tisa alifungua gunia la kwanza akakuta unga chini na vitobo kwenye punje. Fukusi walikuwa wameingia. Jivu alilohitaji lilikuwa madebe matatu, na Kongo nani anapikia kuni? Watu wana gesi na majiko ya makaa. Akaomba kwa wachoma mahindi, akaomba kwa mwenye kibanda cha mutura, yale matumbo ya kuchoma, akapata nusu debe. Angesema kwenye kikao, wangemsaidia. Lakini aliona haya kusema kwamba mbegu za kijiji zimebunguliwa mkononi mwake.

Sokoni Kawangware alimpata mtu anayeuza unga wa kijivu, ameufunga kwenye vipande vya gazeti. "Hii inaua kila kitu, mathe," yule mtu alimwambia. "Lakini ni ya kupanda tu. Kuku akidonoa, umemzika." Syombua aliuchanganya na lile jivu kidogo, mikono ameivika mifuko ya plastiki, mlango ameuacha wazi. Ukitazama, ungesema ni jivu tupu. Hizi ni za kupanda, alijiambia. Zinaenda ardhini. Hakumwambia mtu. Usiku huo alisali yale maombi ambayo mtu humtajia Mungu mambo yote isipokuwa lile moja.

Sasa alikaa chini, akasema tumbo linamuuma, akatoka nje.

Akampigia Kaveke. Sauti ya yule mwanamke asiyechoka wa kampuni ya simu ikamwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena. Ilikuwa hivyo hivyo. Simu ya Kaveke ilichajiwa sokoni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kama aliandika ule ujumbe mrefu alfajiri, basi moto wa betri ulikwisha nao. Mama yake Syombua hakuwa na simu kabisa. Alitazama saa. Saa nne na dakika tano. Saa sita wangekula, na watoto wangeanza. Mwanawe Mwende alikuwa na miaka minane, aliishi kwa nyanya yake, na leo ilikuwa Jumamosi, hakuna shule.

Ndani waliimba. Mle chumbani mlikuwa na simu kumi na tatu, na kila moja ilikuwa na namba ya mtu wa Kwa Mbuvi au wa kijiji jirani. Alichotakiwa ni kusukuma mlango na kusema maneno matatu. Akauweka mkono wake kwenye bati.

"Mama Mwende mtamnunulia nini Krismasi?" Kavoi alikuwa akiuliza ndani, na watu wakicheka. "Huyo mama ni dhahabu!"

Mkono ukashuka wenyewe.

Ndipo akamkumbuka Musembi. Musembi alikuwa fundi seremala, mwanakikundi pia, ila Jumamosi hakuja vikaoni kwa sababu ya kazi. Ndiye aliyesafiri na yale magunia Alhamisi mpaka sokoni kule Kitui, akamkabidhi mtu wa pikipiki ayafikishe kijijini. Musembi alikuwa na namba ya huyo mtu wa pikipiki. Tena Musembi hakuwa na mdomo. Ukimwambia nyamaza, hunyamaza. Syombua akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Pengine alikuwa kwenye mashine ya kupiga randa, hasikii kitu. Karakana yake ilikuwa Olympic, pembezoni mwa Kibera.

Hivyo ndivyo alivyoichagua njia ya mbali, kwa sababu ile ya karibu ilijaa macho ya watu.

Kijana wa bodaboda barabarani aliitwa Alvin. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa mgongoni mwa koti lake.

"Olympic. Haraka, kijana wangu."

"Shika poa, mathe. Unawahi harusi ama unatoroka mzee?"

"Kuna mgonjwa."

"Aii, pole. Tutafika, Mungu akipenda na askari wa kanjo wakilala."

Waliruka matuta ya Naivasha Road, wakaingia Ngong Road katikati ya magari yaliyosimama. Syombua alifumba macho nyuma ya lile koti akaomba, na maombi yake yalikuwa ya ajabu. Bwana, kuni ziwe mbichi. Bwana, maji yawe mbali. Kiberiti kisipatikane. Mama achelewe kwa sababu ya mguu wake unaomuuma. Alikijua kila kitu cha jiko lile la mawe matatu, na kila kitu alikiomba kikatae. Lakini alimjua na mama yake pia. Mama yake hakuwahi kuchelewesha chakula cha mtu katika maisha yake yote.

Halafu likamjia jambo lingine. Nani huonja chumvi? Mpishi. Na mpishi akiwa na mjukuu anayezungukazunguka jikoni kama kifaranga, ni nani hupewa kijiko cha kwanza?

"Mathe, unanibana mbavu," akasema Alvin.

"Endesha!"

Karakana ya Musembi ilikuwa wazi, lakini mashine ilikuwa kimya. Pembeni, mwanamke mmoja alikuwa akikaanga samaki kwenye karai pana. Alikuwa Filister, jirani yake Musembi, aliyejua habari za kila mtu kuanzia Olympic mpaka relini.

"Musembi? Ameenda Soweto West, huko ndani Kibera, kupeleka kitanda," Filister akasema huku akimgeuza samaki. "Kitanda cha bibi harusi. Wuoi, hicho kitanda ni kikubwa kushinda hiyo nyumba yenyewe! Nilimwambia, Musembi, hao watu watalalia paa. Anacheka tu."

"Simu yake?"

"Si inalia tu kwa koti? Koti ameenda nalo, masikio ameacha hapa." Kisha akamtazama vizuri, akaweka uma chini. "Dada, una nini? Keti. Kunywa maji."

"Siwezi kukaa. Nionyeshe njia."

"Teremka na hii, vuka reli, halafu uliza kitanda. Usiulize Musembi. Kila mtu amekiona hicho kitanda."

Ilikuwa kweli. Syombua aliuliza kitanda kwa muuza makaa, akauliza kwa wanawake waliopanga foleni ya maji, na wote walicheka wakanyoosha kidole. Alivuka mitaro kwa kuruka, sketi ameikusanya mkononi, akaanguka mara moja na kuchubuka goti. Alipokipata, kitanda kilikuwa kimekwama katikati ya kuta mbili za udongo, kichwa kimeingia kichochoroni na miguu imebaki nje. Musembi na vijana wawili walikuwa wakisukuma, na nusu ya mtaa ilikuwa ikitoa ushauri.

"Kigeuzeni ubavu!"

"Kateni miguu!"

"Bomoeni nyumba, kitanda ni kizuri kuliko nyumba!"

"Musembi," akasema Syombua. "Nipe namba ya yule wa pikipiki. Wa Kitui."

Musembi akageuka, jasho linamtiririka. "Muthengi? Mama Mwende, umetoka wapi? Kuna nini?"

"Nipe tu, ndugu yangu. Nipe simu yako."

Alimpa. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Simu iliita mara nne, kisha sauti ya kijana ikaitika, nyuma yake mbuzi wakilia na mtu akitangaza bei ya nyanya. Alikuwa sokoni. Ahsante, Bwana, alikuwa sokoni na pikipiki yake.

"Muthengi, mimi ni mtu wa Ngwatanio, Nairobi. Zile kunde ulizopeleka Kwa Mbuvi jana, zisipikwe. Kimbia uwaambie. Zime... zilikojolewa na panya."

Muthengi akacheka. "Panya? Mama, huku tunakula na panya sahani moja. Wataosha."

"Na mafuta taa pia. Yalimwagika juu yake."

"Sasa ni panya ama ni mafuta taa?" Hakuwa na ubaya, alikuwa akitania tu. "Wataosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jana nilibeba mama mmoja aliyeanguka kwa matuta akiwa na jembe mkononi. Niende niwaambie hao watu mama wa Nairobi amesema msile kwa sababu kuna harufu? Watanipiga na hayo majembe. Na hapa niko na mteja anangoja."

"Nakuomba. Mwambie mteja angoje."

"Nitapita huko jioni, nitawaambia."

Alikuwa na haki, huyo kijana. Syombua aliliona jambo lile waziwazi, kana kwamba mtu amemshika kichwa akamwelekeza macho. Wangeosha. Watu wenye njaa huosha, hupepeta, huondoa, hupika, hula. Uongo wake mdogo ungesimama vipi mbele ya njaa ya siku tano? Na ile sumu haikuwa juu ya punje tu, ilikuwa imelala na kunde majuma matatu, imeshaingia ndani.

Kelele za kitanda zilikuwa zimenyamaza. Musembi alimtazama. Vijana wawili walimtazama, na bibi harusi mwenyewe mlangoni, na wale washauri wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kifo hiki hakikuwa kinamjia yeye.

"Muthengi, usikate simu," akasema, na sauti yake ikapanda mpaka ukutani ikarudi. "Nimekudanganya. Si panya. Ni sumu ya wadudu. Mimi ni Syombua, binti ya Mbithe anayepika hiyo sufuria sasa hivi. Mimi ndiye mtunza stoo. Niliiweka kwa mikono yangu nikanyamaza. Kuosha hakutoi. Atakayekula atakufa, na watoto ndio wanaanza. Waambie jina langu. Usiseme nani-nani kutoka Nairobi, sema Syombua amesema aliweka sumu."

Alisikia mbuzi. Alisikia Muthengi akimwambia mtu, "Shuka. Shuka, nimesema!" Kisha pikipiki ikanguruma na simu ikakatika.

"Uliweka nini?" akauliza Musembi polepole.

Alimwambia. Musembi alijifuta uso kwa kiganja, akakitazama kile kiganja kama anayetafuta kitu alichokipoteza.

"Kikundi kiko kwenye kikao?"

"Ndiyo."

"Wanajua?"

Alitikisa kichwa kukataa.

"Mama Mwende, wale watu wana ndugu huko. Wana majirani, wana walimu, wana wenye maduka. Mmoja akishika simu..." Akaonyesha simu kwa kidole. "Piga kwa Rachael."

"Musembi, nakuomba."

"Piga sasa, ama nitapiga mimi."

Rachael alifikiri anapiga kuomba dawa ya tumbo, akaiweka simu kwenye spika ili wote wampe pole. Kwa hiyo wote kumi na watatu walisikia kwa pamoja. Syombua alisema yote tena, na safari hii ilikuwa vigumu zaidi, maana aliwajua wanaomsikia. Mtu alipiga yowe. Mwingine alisema, "Mwanangu yuko huko. Wanangu wawili wako huko." Kisha sauti ya Kavoi ikaja, nzito, bila dhahabu wala Krismasi ndani yake.

"Kila mtu apige nyumbani. Sasa. Tutaulizana baadaye."

Simu ikakatwa.

Kutoka sokoni mpaka Kwa Mbuvi ni kilomita tisa za mchanga na mawe, na mto mkavu katikati ambao pikipiki huzama mpaka rimu. Syombua aliketi kwenye ukingo wa kile kitanda kilichokwama, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Kikundini hakuna aliyepiga kusema amempata mtu. Mtu akamletea maji kwenye kikombe, akakishika bila kunywa. Saa sita kasoro dakika kumi. Sita kasoro tano. Alizoea kumwomba Mungu kwa maneno mengi, yaliyopangwa kama nguo kwenye kamba. Sasa hakupata hata moja. Alishika mbao kwa mikono miwili na kutikisa kichwa mbele na nyuma, na kama hayo yalikuwa maombi, Mungu mwenyewe ndiye aliyejua.

Saa sita ikafika. Mahali fulani redio ilitoa mlio wa habari. Alimwona Mwende akinawa mikono. Alimwona akikimbia kushika nafasi ya mbele.

Saa sita na dakika kumi na moja simu ya Musembi ikalia.

"Nimefika," Muthengi akasema, akihema kama aliyekimbia kwa miguu. Nyuma yake kulikuwa na vilio.

"Wamekula?"

"Watoto walikuwa wameketi chini na sahani mkononi. Nilianza kupiga kelele tangu mtoni, wakadhani naleta tanzia. Mama yako alikuwa ameinua upawa. Nikasema Syombua amesema ni sumu. Hakuniuliza hata swali moja, mama. Alipiga sufuria teke, yote ikamwagika mchangani. Ameungua mguu."

"Na Mwende?"

Vilio vikapanda nyuma yake.

"Muthengi! Na Mwende?"

"Alikuwa ameonja chumvi. Vijiko viwili, nyanya yake anasema. Na katoto kamoja ka Kaveke, kijiko kimoja. Wako sawa, wanaongea, ila huyo wako ameanza kutema mate. Nawapakia sasa na mama yako, tunaenda zahanati. Omba, mama. Mimi naendesha."

Saa mbili zilizofuata Syombua hakuzikumbuka vizuri baadaye. Alikumbuka kwamba Musembi alichukua msumeno akakikata kitanda vipande viwili, akakiingiza ndani nusu kwa nusu na kukiunganisha tena kwa misumari, na kwamba hakuna aliyecheka. Alikumbuka bibi harusi, msichana mdogo aliyesuka nywele za kupendeza, akimfuta damu ya goti kwa kitambaa bila kumuuliza lolote. Na alimkumbuka Musembi akichuchumaa mbele yake.

"Ulikuja kwangu kwa sababu nanyamaza," alisema. "Sivyo?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia ninyamaze, ningenyamaza." Akageuza ule msumeno mkononi. "Hilo ndilo linaniogopesha."

Saa nane na nusu simu ililia tena, namba wasiyoijua. Ilikuwa ya muuguzi wa zahanati, lakini aliyezungumza alikuwa mama yake.

"Mwana wakwa."

"Mwaitu! Mama! Mwende..."

"Ametapika kila kitu, mpaka nyongo. Alitetemeka sana, jasho likamtoka kama aliyenyeshewa. Wamemdunga sindano. Sasa amelala, anapumua vizuri, nimeweka mkono kifuani mwake hivi ninavyosema nawe. Wa Kaveke anacheza. Watalala hapa mpaka kesho, daktari anataka kuwaona asubuhi."

Syombua alilia akiwa ameziba mdomo. "Mwaitu, nisamehe."

"Watu wamekasirika," mama yake akasema. Hakuwa na haraka. "Walikitazama chakula kikiingia mchangani. Wengine walitaka kuokota. Ilibidi Kaveke asimame hapo na fimbo. Kuna mzee alikaa chini akalia, mzee wa rika la baba yako."

"Najua, mwaitu."

"Hujui. Hukuwa hapa." Kisha: "Uliposema jina lako, ndipo nilipojua ni kweli. Ungesema lingine, ningewapakulia."

Syombua akaibana simu sikioni.

"Leo tutalala njaa," mama yake akasema. "Lakini tutaamka. Sasa niambie, hizo zilizomwagika tufanye nini? Kuku walikuwa wameanza kusogea tulipoondoka."

"Zikeni! Fukuzeni kuku, chimbeni shimo refu, hata ule mchanga muuzike. Na magunia mawili msiyaguse. Mtu asiyaguse, mwaitu, hata gunia tupu."

"Nitamtuma Muthengi amwambie Kaveke," akasema mama yake, na simu ikarudi kwa mwenyewe.

Alirudi Kawangware kwa miguu, goti linamuuma kila hatua, akiogopa zaidi kadiri alivyokaribia. Jioni ilikuwa inaingia alipousukuma mlango wa kile chumba cha mabati. Walikuwa bado mle. Hakuna aliyekuwa ameenda nyumbani ila kuchota alichonacho, maana mezani palikuwa na vifuko vya mahindi, vya maharagwe, nusu bakuli la ndengu, pakiti za unga, chumvi. Jumatatu mwethya ungeshika jembe tena, mvua haingengoja mtu apone hasira.

Rachael akainamisha uso, akajifanya anafunga mfuko.

"Mtoto?" Kavoi akauliza.

"Anapumua. Amelala."

Mtu akasema "Asante Yesu" kwa sauti ya chini, na wengine wakapumua. Kisha Kavoi akanyoosha kiganja.

"Ufunguo wa stoo."

Syombua akautoa shingoni, mahali alipouvaa kwa uzi tangu achaguliwe, akauweka mle mkononi. Kavoi aliutia mfukoni bila kumtazama.

"Gari linaondoka kesho alfajiri na hivi vitu," akasema. "Lazima mtu aende akayafukie yale magunia vizuri, awaeleze watu uso kwa uso, na apikie mwethya wiki nzima. Nani ataenda?"

"Nitaenda mimi."

"Unajua watakavyokupokea?"

"Najua. Sijui. Nitaenda."

Yule mwanamke mwenye watoto wawili kijijini akainuka. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Akipika yeye, nani atakula?" akauliza. "Nani atamruhusu mtoto wake ale?"

Nje, mtu alikuwa akiita wateja wa mayai ya kuchemsha.

"Atapika," Kavoi akasema hatimaye, "na kila siku atakula sahani nzima mbele yao, kabla ya mtoto yeyote kunawa. Kisha watakaa naye mpaka waridhike. Hata kama chakula kitapoa."

Wote walimgeukia Syombua. Aliogopa sana, aliogopa ule uwanja wa mchanga na yale macho arobaini na mawili mara mbili, na jua la saa sita, na sahani magotini mwake.

"Sawa," akasema.

Hakuna aliyempa mkono. Lakini baada ya kitambo Rachael alisukuma ungo mmoja mpaka upande wake wa meza, akamwaga humo mahindi ya mfuko wa kwanza. Syombua akavuta kigoda. Akaanza kuchambua punje moja moja, akiigeuza kila moja kwenye mwanga, akiinusa, akiiweka kando, na ile aliyoitilia shaka hata kidogo aliitupa.